Mdomo wa Lelgut

Ng'ombe wa Kipkorir alipopoteza mdomo mara ya pili, lawama zote ziliniangukia mimi.

Hezekiah Kipkorir alikuwa na duka la maziwa karibu na soko la Nakuru, duka la mawe lenye ukuta mpana uliotazama ziwa. Mwaka wa 1957 alinipa kazi ya kuchora kwenye ukuta huo ng'ombe wake mpendwa, jike jekundu lililoitwa Lelgut, maana yake kwa Kikalenjin ni mdomo mweupe. Nilimchora mkubwa kuliko alivyo, kwato karibu zikanyage ardhi, pembe karibu ziguse mabati. Kipkorir alipomwona alivua kofia. Miezi minne baadaye mdomo ukaanza kufifia, kisha kifua, na kufikia Krismasi Lelgut alikuwa na pembe, macho na mgongo, lakini hana cha kulia nyasi. Nikarudia bila malipo, kwa rangi ileile ya kopo la Malkia. Agosti ya mwaka uliofuata mdomo ulikuwa umekwenda tena.

Watu wa Nakuru wanapenda kucheka. Wanawake walikuja na chupa zao wakiuliza kama maziwa ya leo yametoka kwa yule ng'ombe anayefunga kula. Kipkorir hakuwa mtu wa kuchekwa. Akatuma niitwe, na hakunisubiri hata niingie dukani. Alinikabili palepale nje, mbele ya foleni ya maziwa.

"Mama Nasimiyu," alisema, "hii rangi ulipunguza na mafuta ya taa."

"Sikupunguza, mzee."

"Malkia haiwezi kuisha namna hii. Mzungu wa kule Njoro amepaka geti yake Malkia tangu vita ya Hitler, na iko tu. Yangu imeisha miezi nne. Ile ingine ilienda wapi?"

Foleni nzima iligeuka kunitazama. Alikuwa ananiita mwizi, ila kwa adabu. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nilimwambia rangi yote iko ukutani, kila tone, na kama haipo ukutani basi auulize upepo.

"Sikia," akasema. "Mwezi ya kumi na mbili watu wote wa kuniletea maziwa watakuja hapa, kutoka Rongai mpaka Ravine. Nataka wakute ng'ombe iko na mdomo. Utarudia mara ya mwisho. Safari hii kopo nitanunua mwenyewe na kufungua mwenyewe. Ikikaa, nitajua zile zingine uliniibia. Ikiisha, nitajua wewe hujui kazi. Halafu ile ukuta ya duka yangu ya Molo, na ile ya Bahati, nitapatia yule mchoraji mwingine, Ephantus."

Niliyarudia maneno yake njia nzima ya kwenda nyumbani. Rangi ikikaa, mimi mwizi. Ikiisha, mimi mjinga. Alikuwa amenifungia milango yote miwili, na wala hakujua, maana Kipkorir si mjanja wa namna hiyo. Ni mtu wa haki kwa kadiri anavyoona, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu wa namna hiyo akisema wewe ni mwizi, mji unaamini.

Marehemu mume wangu, Barasa, aliandika namba kwenye mabehewa ya reli hadi kifua kikamuua. Herufi nilijifunza kwake. Picha nilijifunza kwa mama, kwa sababu kwetu Kimilili mwanamke anayekandika nyumba na kuacha ukuta bila mchoro huonekana mvivu. Kwa hayo mawili nililisha watoto wangu. Jina likichafuka, hakuna ambaye angeniita hata kumwandikia "Karibu" mlangoni. Nikajiambia nitajua rangi ile imekwenda wapi, na nitajua kabla sijashika brashi.

Kesho yake nilirudi ukutani na kisu. Nilikwangua pale mdomo ulipokuwa. Rangi iliyobaki haikutoka kwa magamba kama inavyotoka iliyochomwa na jua. Ilikuwa laini, na nilipoisugua kwa vidole ikateleza. Nikainusa. Nikaisugua tena. Ilikuwa sabuni.

Hapo nikamkumbuka mama na jungu lake. Kwetu majivu ya maganda ya maharagwe huchujwa kwa maji, na maji yale makali hulainisha mboga. Siku mama alipoyamwaga kwa bahati mbaya kwenye kibakuli cha samli, tulikuta samli imegeuka utelezi mweupe usiofaa kuliwa, na tukafulia nguo. Malkia ni rangi ya mafuta. Kitu kikali kama majivu kimekuwa kikiyala yale mafuta na kuyageuza sabuni, kisha mvua inaosha. Na kitu kikali tunacho Nakuru, hata mtoto anakijua: kiangazi ziwa linapokauka, upepo unatuletea vumbi jeupe la magadi hadi ndani ya chai. Nikalihukumu ziwa bila kulisikiliza.

Nilikwenda kwa Premchand, muuza rangi, nikamwomba makombo ya kila kopo alilo nalo. Alinijua, hakuuliza. Akanipa Malkia, ile yenye kichwa cha mwanamke mwenye taji. Akanipa Farasi, ambayo mafundi wengi waliipenda kwa sababu inateleza vizuri kwenye brashi. Akanipa Kinu, rahisi, nzito kama uji wa jana. Nilipoona bado kuna kopo pembeni lenye picha ya chura wa kijani, nikauliza hilo ni la nini.

"Hiyo hapana, mama," Premchand akasema. "Hiyo rangi mpya, ya maji. Ya kupaka dari ndani ya nyumba. Nyeupe tu. Picha hapana."

"Ya maji? Haina mafuta?"

"Mafuta hapana. Iko gundi yake, mpya, ya kiwandani. Ikikauka haitoki na maji, wao nasema. Mimi sijui."

Nikamwambia anipe na hiyo chura.

Nilipaka mbao nne, nikaziegemeza kwenye ukuta wa nyumba yangu, nikazipa wiki mbili zikauke. Nikachoma maganda ya maharagwe, nikachuja maji makali kama ya mama, na kila asubuhi na jioni nikazipaka mbao zote nne kwa tambara. Jirani yangu Anyango, mke wa fundi wa reli, alikuja kuazima chumvi akanikuta naosha mbao kwa mchuzi wa majivu. 

"Nasimiyu, hizi mbao utazila na nini?"

"Na jeuri ya Kipkorir."

"Hiyo haiivi upesi," akasema, akachukua chumvi yake.

Kinu ilikwenda siku ya pili. Farasi siku ya tatu. Malkia, lazima niseme ukweli, ilijikaza hadi siku ya tano, kisha ikaanza kulainika na kutoa povu chini ya tambara. Chura haikuondoka. Siku ya kumi haikuondoka. Nikaisugua kwa brashi ya sufuria, nikaiacha kwenye jua, nikaimwagia maji ya moto. Ilikuwa imekaa tu, nyeupe, haina habari na mimi.

Lakini rangi isiyoondoka bado si rangi ya kuchorea. Chura ilikuwa na tabia zake. Inakauka kabla hujageuza shingo, kwa hiyo huwezi kulainisha kivuli polepole kama kwa mafuta. Brashi ukiisahau nje ya maji, umeizika. Na ilikuwa nyeupe tu, wakati Lelgut ni mwekundu. Siku tatu nzima niliitukana. Ya nne nikaacha kuilazimisha ifanye ya Malkia, nikaanza kuitendea kama mama alivyotendea udongo wake: unapaka wembamba, unaacha, unapaka tena juu. Nilipanda kwenda Bahati nikachimba udongo mwekundu kwenye ukingo wa barabara, nikauchekecha kwa kitambaa hadi ukawa laini kama unga wa wimbi. Nikakoroga na Chura. Nyekundu ile ilikuwa ya ng'ombe hasa, si nyekundu ya sanduku la posta kama ya makopo. Nyeusi nilipata kwa masizi ya taa. Kwa mbingu nikatia bluu ya kufulia. Vyote hivyo nikavipaka ubaoni na kuvimwagia majivu, na vyote vikakaa. Jioni hiyo nilicheka peke yangu jikoni. Nilikuwa nimepata rangi yangu, na ilikuwa na chura kifuani.

Jumamosi asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza, nilibeba mbao zangu kwenda kumwonyesha Kipkorir kabla wateja hawajaja. Nilipozunguka pembe ya duka nilimkuta ukutani. Amekunja suruali hadi magotini, pembeni yake ndoo inafuka moshi, mkononi ana ile brashi ngumu ya kusugulia mikebe ya maziwa. Alikuwa anamwosha Lelgut. Anamsugua kifua, anamsugua kidevu pasipo na kidevu, na anaongea naye kwa Kikalenjin, taratibu, kama unavyoongea na ng'ombe unapotaka atulie ukamwe.

Nilitazama ndoo. Bwana mifugo alikuwa amewafundisha wauza maziwa wote kuosha mikebe kwa maji ya moto na magadi, na hakuna aliyefuata fundisho hilo kama Kipkorir. Mikebe yake ungeweza kujiangalia ndani ukachana nywele. Kisha nikatazama ukuta. Pembe zilikuwa nzima. Macho yalikuwa mazima. Rangi ilikuwa imeliwa kuanzia pale mkono wa mtu mfupi unapoishia kwenda chini. Kipkorir ni mfupi. Wiki zote hizo nilikuwa nimelisingizia ziwa.

"Mzee," nikasema, "unamwosha kila lini?"

Alishtuka, kisha akajitia hakushtuka. "Kila Jumamosi. Ng'ombe ya maziwa haiachwi na vumbi. Watu watasema duka ni chafu."

"Kwa magadi?"

"Na nini ingine? Si ndiyo inatoa uchafu?"

"Mzee, ni hayo magadi yanayokula mdomo wake. Rangi ya Malkia ni mafuta. Unamwosha kwa kitu cha kutoa mafuta."

Uso wake ulikunjamana. Sikuwa nimechagua maneno, na nilikuwa nimemwambia mtu kwamba anamla ng'ombe wake kwa mkono wake mwenyewe. Kwa watu wake hilo si jambo dogo.

"Magadi inaosha mikebe miaka kumi, haijatoboa hata moja," alisema. "Sasa iko na nguvu ya kushinda Malkia? Wewe mama unatafuta njia ya kutoroka."

"Sitoroki. Nimekuja kukwambia sitapaka Malkia tena. Nitapaka hii."

Nikamwonyesha kopo. Aliangalia chura, chura akamwangalia.

"Ng'ombe yangu? Na rangi ya chura?"

"Ndiyo."

"Ephantus atapaka Malkia na hatauliza maswali."

Hapo ndipo ningeweza kurudi nyuma. Ningepaka Malkia yake, nikachukua malipo, na mdomo ukiisha nikasema nilimwonya. Lakini mji haukumbuki nani alionya. Mji unaona ng'ombe asiye na mdomo na jina la aliyemchora. Nikafunga leso yangu kiunoni.

"Mwite Ephantus Jumamosi ya pili kuanzia leo," nikasema. "Kabla hajaja, fungua kopo lako la Malkia wewe mwenyewe. Chukua ubao wako, sitaugusa, upake wewe. Mimi nitapaka wangu kwa Chura mbele yako. Zifungie zote mbili dukani, ufunguo ukae nao. Siku hiyo tutazitoa, uzioshe kwa ndoo yako na brashi yako, na watu wakiona. Ubao wangu ukitoka rangi, nitampa Ephantus na brashi zangu."

Mke wake, Jelagat, alikuwa ametoka na mikebe akasikia yote. Ni mwanamke wa maneno machache.

"Osha hizo mbao, mzee," alisema. "Au unaogopa nini?"

Kipkorir alikwenda kuleta kopo.

Wiki mbili zile zilikuwa ndefu. Nilijua nilichokiona kwa macho yangu, lakini Chura haikuwa imewahi kukutana na mkono wa Kipkorir. Ile ilikuwa brashi ya kusugua chuma. Anyango aliniuliza ikiwa brashi zangu nimeziaga, nikamwambia aende akapike.

Siku yenyewe foleni ya maziwa ilikuwa mara mbili ya kawaida, maana maneno yalikuwa yameenea. Ephantus alikuja amevaa koti, brashi zake zimefungwa kwenye karatasi. Kipkorir alizitoa mbao, akaziinua watu wote wazione: ule wa Malkia unang'aa kama kiatu cha askari, wangu umepooza kidogo. Akazilaza kwenye benchi. Akachovya brashi kwenye ndoo inayofuka moshi, akaanza na wangu. Alisugua kwa nguvu zote za mtu mwenye hasira. Nilihesabu hadi ishirini, nikaacha kuhesabu. Alipomwagia maji safi, ubao ulikuwa vilevile. Hata nyekundu ya Bahati ilikuwa vilevile.

Akageukia Malkia. Mara za kwanza hapakuwa na kitu. Akachovya tena, akasugua tena. Kisha akapunguza mwendo. Akainua brashi akaitazama. Nywele za brashi zilikuwa na utelezi mweupe. Akasugua mara moja zaidi, polepole sana, na ubao mtupu ukatokea chini yake.

 Kipkorir alishika ule utelezi kwa kidole, akausugua na kidole gumba, kama mimi nilivyofanya, akaunusa. Akatazama ukuta. Niliona macho yake yanapanda kutoka kwato hadi kifua, hadi pale mkono wake unapoishia, na pembe zilizo nzima juu yake. Kisha akaingia dukani bila kuniangalia.

Ephantus alinikaribia. "Hiyo chura wanauza wapi?" akaninong'oneza. Nikamwambia amuulize Premchand.

Jelagat ndiye aliyekuja kunipa jibu. "Amesema upake," alisema. 

Nilipaka siku sita. Nilikwangua ukuta hadi kwenye mawe, nikampaka Lelgut upya, wembamba juu ya wembamba, na mdomo nikauacha wa mwisho. Kipkorir alipita mara nyingi akienda kwenye mikebe yake. Hakunisifu, hakunilaumu. Jumamosi iliyofuata alimwosha, na ile nyingine, na ile nyingine. Nami nilikuwa na rangi iliyokaa, lakini neno "mafuta ya taa" lilikuwa limesemwa mbele ya watu, na hakuna aliyelifuta. Kushinda ubao ni jambo moja. Mtu aliyekuita mwizi kwa sauti na kunyamaza baadaye, amekuacha mwizi kidogo.

Mwezi wa kumi na mbili wakaja, wafugaji wa Rongai na wa Ravine, na wengine kutoka Molo wamevaa makoti mazito kana kwamba baridi imewafuata. Walijaa uwanjani mbele ya ukuta. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na Anyango. Kipkorir alisali, akazungumza juu ya bei na juu ya maziwa yaliyotiwa maji. Akamwambia Jelagat kitu. Jelagat akaleta ndoo.

Alikunja suruali mbele ya watu wazima wenzake. Akachovya brashi, akamwosha Lelgut mdomo, wote wakitazama, na ule mdomo ukabaki mweupe kama maziwa. Akageuka, maji yanamtiririka kiwikoni.

"Mwezi ya nane nilisema hapa mbele ya watu, huyu mama alitia mafuta ya taa kwa rangi yangu," alisema. "Hakutia. Ni mimi nilikuwa nakula mdomo ya ng'ombe yangu, na hii mkono."

Akaunyosha mkono, watu wauone. Mzee mmoja kutoka Ravine alianza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Mimi nilikuwa nalia, na sikujali nani ananiona.

"Mama Nasimiyu, kuja hapa," Kipkorir akaita. Watu wakanipisha. Nilipofika ukutani alinionyesha nafasi tupu chini ya kwato za mbele, chini kabisa, pale mkono wake unapofika bila kujinyoosha.

"Andika jina lako hapa," alisema. "Jumamosi nikiosha yeye, nitakuwa naosha na hiyo."